Damu ya mzazi ipimwe: barua ya wazi kwa Waganga Wakuu wa Halmashauri

Waheshimiwa Waganga Wakuu, pamoja na timu zenu za usimamizi wa huduma za afya,

Wengi wenu ni wadogo zangu kwa umri, na baadhi mlipita mikononi mwangu mkiwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo. Shikamoo zenu nimezipokea. Nimestaafu ukunga, lakini bado naitwa huku na kule kufundisha, na kila ninapoingia chumba cha kujifungulia nakuta yale yale niliyoyaacha. Nawaandikia sasa kwa sababu huu ndio msimu mnaokaa kuandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Jambo ninalolileta gharama yake ni ndogo, kwa hiyo ni rahisi kusahauliwa katikati ya majengo na magari.

Ombi lenyewe ni hili. Kila mama anayejifungulia kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo chini yenu, damu anayoipoteza ipimwe kwa chombo chenye namba. Namba ikifika pale palipokubaliwa, mkunga aliye zamu aanze tiba papo hapo, bila kumpigia mtu simu ya kuomba ruhusa.

Mtaniambia tumetoka mbali. Ni kweli, na wakunga tunalijua hilo kuliko watu wengi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Katika kipindi hicho hicho wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka 63 hadi 81 katika kila mia. Lakini hebu itazameni hiyo namba ya wanaojifungulia vituoni kwa jicho la mhudumu. Zamani mama akifa kwa kutokwa damu tulikuwa na wa kumlaumu: mkunga wa jadi, mama mkwe aliyechelewesha, mume asiye na nauli, barabara. Siku hizi damu inaanza kutoka mama akiwa juu ya kitanda chetu, na dawa iko hatua chache kutoka alipolala. Kutokwa damu baada ya kujifungua bado kuko mbele kabisa katika sababu za vifo vya wazazi, na kifo cha mama huyo wa sasa hatuna tena wa kumsukumia.

Nitaeleza kidogo jinsi inavyokwenda, maana barua hii ni ya wazi na itasomwa na madiwani na wajumbe wa kamati za vituo ambao ndio wanaopitisha fedha.

Mtoto akishatoka na kondo likafuata, mishipa iliyokuwa ikililisha kondo hubaki wazi. Mimba inapokaribia kufika mwisho, mililita 500 hadi 700 za damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Hakuna uzi wala kifuniko kinachoziba mishipa hiyo. Kinachoiziba ni msuli wa mfuko wenyewe: ukijikaza, nyuzi zake huibana mishipa na damu hukata, ukilegea, damu huendelea kumwagika. Kiasi cha mara saba katika kumi, mama anayevuja kupita kiasi anavuja kwa sababu ya kulegea huko. Wengine wamechanika kwenye mlango wa kizazi, uke au msamba, wengine wana vipande vya kondo vilivyobaki ndani, na wachache damu yao imekataa kuganda.

Kuna hila moja ya maumbile ambayo imetuponza wengi. Mimba humwongezea mama damu, karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Akiba hiyo ni neema kwake, ila humdanganya mhudumu. Mama kijana mwenye afya anaweza kupoteza lita nzima huku mashine ikisoma shinikizo la 110 kwa 70, naye anazungumza, anaulizia uji. Akija kushuka, anashuka kwa mkupuo. Mapigo ya moyo ndiyo husema kweli mapema: yagawanyeni kwa namba ya juu ya shinikizo, mkipata 0.9 au zaidi, mama huyo hayuko salama hata kama anacheka. Na yule aliyeingia leba akiwa tayari na upungufu wa damu, ambaye vidonge vya kuongeza damu alivipokea kliniki akaviweka kabatini, hana hata hiyo akiba. Mililita 400 zinaweza kumwangusha.

Sasa, tunajuaje kwamba mama amepoteza damu kiasi gani? Tunatazama. Hicho ndicho kipimo chetu mpaka leo katika vituo vingi nilivyopita, na nataka mkione kwa karibu. Mama amelala juu ya mpira aliokuja nao kutoka nyumbani. Chini ya makalio kuna khanga moja au mbili, na mara nyingi khanga hizo ni za mji mwekundu au mweusi, kwa kuwa mama mwenyewe amechagua za zamani zisizoonyesha madoa. Damu inaingia kwenye khanga, nyingine inakimbilia kwenye mkunjo wa mpira, nyingine inachuruzika upande wa ukutani na kudondoka sakafuni ambako tayari kuna maji ya uzazi na mkojo. Mhudumu wa usafi anapita na mopu. Mkunga yuko mmoja, mtoto hajalia vizuri, amegeuka kumshughulikia mtoto. Akigeuka tena anaikunja khanga, anaitupa kwenye ndoo, anaitandika nyingine. Halafu anaketi, anaandika.

Anaandika nini? Fanyeni zoezi dogo. Chukueni patografu, yaani chati za uchungu, za miezi mitatu za kituo chochote mnachokisimamia, msome tu pale panapojazwa kiasi cha damu iliyopotea. Mtakuta 200, 150, 200, 250, 200, 200, 150. Mtu asiyejua kazi hii angedhani wanawake wa wilaya nzima wamekubaliana kuvuja kwa hesabu ya hamsini hamsini. Mimi nimeziandika hizo namba kwa miaka mingi, kama alivyoziandika aliyenitangulia, na ni za kujaza nafasi. Tena tafiti za makadirio ya macho zimeonyesha jambo baya zaidi: kadiri damu inavyokuwa nyingi, ndivyo jicho linavyoipunguza. Yaani pale tunapolihitaji zaidi ndipo linapotukimbia.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kundi moja la hospitali lilipewa mfuko wa plastiki unaotandikwa chini ya makalio mara tu mtoto anapotoka, ili maji ya uzazi yasichanganyike na damu. Mfuko huo una alama za mililita, pamoja na mstari wa tahadhari kwenye 300 na mstari wa kuchukua hatua kwenye 500. Damu ikifika mstari wa kuchukua hatua, mambo yote yanafanywa kwa pamoja: kuukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, kukagua kama kuna mchaniko au mabaki ya kondo, na kuita msaada iwapo damu haikati.

Hospitali za kundi la pili ziliendelea na utaratibu wao wa kila siku. Nao walipewa mfuko, wa plastiki vile vile, ila haukuwa na alama.

Naomba mlitafakari hilo kabla ya kuniuliza habari ya bajeti. Damu iliingia mfukoni pande zote mbili, na wakunga wa pande zote mbili waliiona. Katika hospitali za mfuko usio na alama, kati ya kila akina mama mia waliovuja kupita kiasi, walitambuliwa 51 tu. Kwenye mfuko wenye alama walitambuliwa 93. Waliopata madhara makubwa, yaani kuvuja lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walikuwa asilimia 4.3 upande wa utaratibu wa kawaida na asilimia 1.6 upande wa mfuko wenye alama. Niwe mkweli: sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na kupungua kwa wanaovuja lita moja au zaidi, kwa sababu vifo vyenyewe vilikuwa vichache pande zote. Lakini anayekufa kwa damu huipita kwanza hiyo lita moja.

Kitu kingine kilichobadilika ni ule mtindo tuliofundishwa wa kwenda hatua moja moja. Ulikuwa unakanda, unangoja. Unaweka dripu, unangoja. Unachoma sindano, unampigia daktari, unangoja. Kila kungoja kulikuwa na mantiki yake vitabuni, na kila kungoja kulimgharimu mama. Asidi ya traneksamiki ni mfano mzuri. Utafiti mkubwa wa 2017, wa akina mama 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kwamba gramu moja ya dawa hiyo ikipitishwa mshipani taratibu ndani ya saa tatu baada ya kujifungua hupunguza vifo vitokanavyo na damu. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hula takriban asilimia kumi ya faida yake. Kuna vituo nimekuta dawa hiyo imewekwa kama ya mwisho, ya kutumiwa yote mengine yakishindikana. Ikifika zamu yake, wakati wake umepita.

Nije sasa kwenye jambo lililonisukuma hasa kuandika. Yawezekana mkanunua mifuko na bado mama akafa, kwa sababu kinachokosekana kwenye vyumba vyetu vya kujifungulia ni zaidi ya plastiki. Sikilizeni simu ya saa nane usiku.

"Dokta, naona kama mama anatoka damu nyingi."

"Nyingi kiasi gani, sista?"

"Nyingi tu, dokta."

"Haya, mkande tumbo, nakuja."

Mkunga huyo ni wa ngazi ya cheti, ana mwaka mmoja kazini. Daktari amelala nyumba za watumishi, ameamshwa mara mbili usiku huo kwa mambo yaliyoweza kungoja asubuhi. Wote wawili si watu wabaya. Lakini "naona kama" haimwondoi mtu kitandani, na yule binti anajua kwamba akitumia dawa kisha ikaonekana damu haikuwa nyingi kiasi hicho, ataulizwa mbele za watu: nani alikuruhusu? Kwa hiyo anakanda tumbo, anangoja. Mpeni mstari, mazungumzo yanageuka: "Dokta, mama amefika 500, mapigo 118, tiba nimeshaanza, njoo." Hapo hakuna wa kubishana naye. Mstari wa 500 hauna cheo, na ndiyo maana binti wa cheti anaweza kuusimamia mbele ya bingwa.

Ndiyo maana naomba ruhusa hiyo itoke kwenu, kwa maandishi. Mwongozo uliotolewa Oktoba 2025 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga umekwenda mbele zaidi: damu ikifika 300 na mapigo au shinikizo vimeshaharibika, mkunga asingoje 500. Mtu anayetakiwa kuamua hivyo yuko peke yake zamu ya usiku. Nyinyi hampo.

Halafu kuna ufunguo. Nilipata kufanya kazi mahali ambapo dawa za dharura za wodi ya wazazi zilifungiwa kwenye kabati la ofisini, na ufunguo alikuwa nao mganga mfawidhi. Sababu ilikuwa ya haki kabisa: dawa ziliwahi kupotea, mkaguzi akahoji. Usiku mmoja mama wa uzao wa pili alianza kuvuja, mlinzi akatumwa na pikipiki kufuata ufunguo. Ulikuja. Mama huyo yuko hai, ila alifika hospitali ya rufaa akaondolewa kizazi, na kwenye patografu aliyotoka nayo kwetu pameandikwa 350. Wizi wa dawa una dawa yake, nayo ni daftari na kuhesabiana kila mwisho wa zamu. Sanduku la dharura ya damu linatakiwa liwe ndani ya chumba cha kujifungulia, limefungwa kwa utepe unaokatika kwa mkono: oksitosini ya kuanzia, traneksamiki, misoprosto, kanula kubwa, dripu mbili, katheta ya mkojo, glovu ndefu. Likitumika linajazwa kabla zamu haijaondoka.

Oksitosini nayo ina kisa chake. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikikaa kwenye joto la Tabora au Lindi inapungua nguvu kimya kimya bila kubadilika rangi. Mkunga anachoma sindano, mfuko wa uzazi haujikazi, anadhani mama ndiye mwenye tatizo. Kituo hicho hicho kina jokofu zuri la chanjo linalofanya kazi usiku na mchana, lakini mratibu wa chanjo hataki kuona kitu kingine mle ndani. Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA wameshatamka kwamba oksitosini inaweza kukaa humo ikiwekwa mahali pake na kuandikwa vizuri. Hilo halihitaji fedha, linahitaji nyinyi mseme. Ipo pia karbetosini isiyoharibiwa na joto, iliyojaribiwa kwa akina mama karibu 30,000 katika nchi kumi, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuonekana inalingana na oksitosini katika kuzuia damu baada ya kuzaa. Ila ni ya kuzuia. Mama akishaanza kuvuja, rudini kwenye oksitosini. Nalisema hili kwa kuwa mkanganyiko ni rahisi kutokea dawa mpya inapoletwa bila maelezo.

Naijua hofu yenu, hata kama haisemwi kikaoni. Mkianza kupima, takwimu zenu zitaharibika. Halmashauri iliyokuwa ikiripoti akina mama kumi waliovuja kupita kiasi kwa robo mwaka itaripoti ishirini, na mkoani watauliza kumezuka nini. Hakuna kilichozuka, nusu yao mlikuwa hamuwaoni. Kama utafiti wa hospitali kubwa ulikuta wanaotambuliwa kwa mazoea ni 51 katika mia, sina sababu ya kuamini kwamba zahanati yenye taa moja ya sola inafanya vizuri zaidi. Naomba mtangulie kuwaambia wakubwa wenu mkoani na wizarani kabla namba hazijapanda: zitapanda, na tutakachojipima nacho ni wangapi wamevuka lita moja na wangapi wamesafirishwa wakiwa hoi. Mkiruhusu kituo kilichoanza kupima kwa uaminifu kisimamishwe kikaoni na kuhojiwa kwa nini kina matukio mengi, mwezi utakaofuata namba zitarudi 200, 150, 200. Wakunga si wajinga. Wanajua kiongozi anataka kusoma nini.

Hali ni hiyo hiyo kwenye vikao vya kujadili vifo vya wazazi. Nimekaa kwenye vikao hivyo vya kutosha. Kikiendeshwa vizuri, mtu anatoka akiwa amejifunza mahali muda ulipopotea. Kikiendeshwa vibaya, mtu wa cheo cha chini kuliko wote chumbani ndiye anayebeba kifo, na anatoka akiwa amejifunza kuandika vizuri zaidi faili litakalofuata.

Kuhusu gharama. Mfuko hutumika mara moja, na ni kweli kwamba kwa kituo kinachozalisha akina mama mia mbili kwa mwezi hesabu inakusanyika, bila kusahau taka za plastiki zinazoongezeka kwenye kichomea taka. Lakini fedha za uendeshaji siku hizi zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya kituo inaweza kuuweka mfuko huu kwenye orodha ya mahitaji kama inavyoweka glovu. Pale ulipokosekana, kazi isisimame. Pimeni khanga na pedi zikiwa kavu, mzipime tena zikiwa zimelowa, kwa mizani yoyote ya kuaminika: gramu moja iliyozidi ni takriban mililita moja ya damu. Kwenye upasuaji, someni chupa ya mashine ya kufyonza na mpime gozi. Ni kazi ya kuchosha na inachelewesha, kwa hiyo nisingependa iwe ndio utaratibu wa kudumu. Ila ni bora mara mia kuliko jicho.

Na wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi iliyofanyika Kigoma, ambako wakunga wa jadi walifundishwa kwamba khanga mbili za kawaida zikilowa damu, mama ameshapita mililita 500 na anatakiwa apewe misoprosto. Miongoni mwa walioiandika ni Dkt. Godfrey Mbaruku. Huyu ndiye aliyekuwa daktari katika hospitali ya mkoa pale Kigoma miaka ya themanini, wakati nchi haina hata sabuni. Kati ya 1984 na 1991, kwa hatua 22 ambazo nyingi ni za kutengeneza vilivyoharibika, kupanga upya kazi na kuwapa moyo watumishi waliokuwepo, vifo vya wazazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Namtaja kwa sababu ninapoleta jambo kama hili huambiwa tusubiri mradi. Kigoma haikusubiri.

Mafunzo yasiwe ya hotelini. Samahani kwa kusema hivyo, najua posho za semina zinasaidia watu kulipa ada. Lakini mkono husahau. Mradi wa uzazi salama ulioongozwa na Hospitali ya Haydom katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambao matokeo yake yalichapishwa mapema 2025, ulitegemea mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale wodini, kwa mdoli, na watumishi wa zamu. Vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban robo tatu katika kipindi hicho. Dakika 15 kila Jumatatu, kabla zamu hazijapokezana, zinatosha: mmoja anaigiza mama, mmoja anakanda, mmoja anavunja utepe wa sanduku, mmoja anasoma saa kwa sauti.

La rufaa ni fupi. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wazazi, hupigwa bure, na gari likikosekana dereva wa jirani aliyesajiliwa huja. Shida ninayoiona ni kwamba inapigwa kwa kuchelewa, mama akishakuwa mweupe. Kama dakika 15 zimepita tangu tiba ianze na damu haijakata, pigeni, huku mmoja ameuminya mfuko wa uzazi kwa mikono miwili mpaka gari lifike. Habari ya chupa za damu zinazokosekana kwenye benki za wilaya ni ndefu, na inastahili barua yake.

Nimewaandikia rasimu ya waraka ili msipate sababu ya kuchelewa. Badilisheni lugha mnavyoona, ila sentensi ya pili msiiguse. Iwe ukurasa mmoja, yenye saini ya Mganga Mkuu na muhuri, ibandikwe ukutani mwa kila chumba cha kujifungulia na si kwenye faili la mganga mfawidhi:

"Kila mama anayejifungua katika kituo hiki, damu yake itapimwa kwa chombo chenye alama, na mapigo, shinikizo na ugumu wa mfuko wa uzazi vitaangaliwa kila dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na mapigo au shinikizo lisilo la kawaida, mkunga aliye zamu, wa ngazi yoyote, ameruhusiwa na ameagizwa kuanza tiba yote kwa pamoja kabla ya kumwita daktari. Sanduku la dharura halitafungwa kwa kufuli. Mtumishi aliyeanza tiba kwa kufuata vipimo hivi hataulizwa nani alimruhusu, kwa kuwa aliyemruhusu ni mimi niliyetia saini hapa chini."

Wenu katika kazi,

Mkunga mstaafu,
Kanda ya Ziwa